Sifa za Injini Inayozimika

Injini isiyosumbua hupewa sifa ambazo haikuzitolea jasho. Inawaka, inalima, inazimwa, inafunikwa turubai, na mwenyewe hajui hata kabureta iko upande gani. Iliyokufa kabisa nayo haina la kusema: ni chuma, na bei yake ni ya kilo. Kati ya hizo mbili ipo ya tatu, ile injini ndogo ya petroli ya trekta la bustani inayoitika kamba ya kwanza, ikaunguruma kwa madaha, ikaingia shambani, na tuta la pili halijakamilika imezimika. Hiyo ndiyo hutukanwa kuliko zote, na siku nyingine hupigwa teke. Nakusudia kuitetea, tena si kwa kuionea huruma. Katika ukoo mzima wa mashine, ndiyo pekee inayosema kweli kuhusu hali yake, na huisema kwa mpangilio ambao mashahidi wengi mahakamani hawauwezi.

Ushahidi wake umo katika namna inavyozimika. Ikikata ghafla bila kusuasua, tafuta kwenye umeme: waya wa swichi unaogusa bodi, au koili inayokufa ikipata moto na kufufuka ikipoa. Ikisuasua, mlio ukipanda na kushuka kabla ya kunyamaza, petroli haifiki ya kutosha, au hewa inaingia kwenye gasketi isikoalikwa. Ikienda vizuri choki ikiwa imefungwa, kisha ikafa mara choki inapofunguliwa, inakuelekeza kwenye jeti, kitundu kisichofika milimita moja kwa upana. Hapo petroli iliyolala tangi miezi mingi imeacha utando wa kahawia. Ikumbukwe kwamba injini ya mipigo minne ikizunguka mara 3,600 kwa dakika huwasha petroli mara 30 kila sekunde, na yote hiyo hupita katika kitundu hicho. Kwa hiyo si ajabu kwamba inazimika. Ajabu ni kwamba iliwahi kwenda.

Kuzimika kuzuri kuliko kote, hata hivyo, kunasababishwa na kifuniko cha tangi. Katika injini nyingi za aina hii petroli haisukumwi na pampu, inashuka kwa uzito wake tu, na kila tone linaloshuka sharti nafasi yake ichukuliwe na hewa inayopita kwenye tundu dogo la kifuniko. Tundu likizibwa na vumbi, tangi linabaki likijinyonya lenyewe, petroli inagoma kushuka, bakuli la kabureta linakauka, na mashine inanyamaza. Anakuja fundi. Anabadilisha plagi. Kisha, kwa kuwa ni mtu makini, anafungua kifuniko achungulie kama mafuta yapo. Hewa inaingia kwa mlio mfupi, “fyuu”, ambao hakuna anayeujali. Anafunga, anapiga kamba, injini inawaka, analipwa. Ile plagi ya zamani, isiyo na kosa lolote, inatupwa majanini.

Hapa mpinzani atasema nimejikaanga mwenyewe: mashine iliyomdanganya fundi namna hiyo inafundisha ushirikina, si ukweli. Pingamizi hili ni zito, na silipuuzi. Ni kweli kwamba injini ya namna hii hutuza dawa yoyote iliyotolewa wakati yenyewe inapumzika. Ukiipangusa, itawaka, ukiiombea dua, itawaka. Lakini angalia kinachofuata. Baada ya dakika chache za kazi inazimika tena, palepale, kwa namna ileile, na nadharia ya plagi imeanguka hadharani kabla fundi hajafika barabarani. Ni mwalimu gani anayesahihisha daftari kwa kasi hiyo? Daktari aliyekosea ugonjwa anaweza kungoja miaka kabla ya kuumbuliwa, na mchumi huenda asiumbuliwe kabisa. Isitoshe, adhabu ni ndogo: legeza parafujo la bakuli la kabureta, kinga kinachotoka kwa kifuniko cha chupa, utazame. Kama petroli ilichanganyika na maji, utayaona yamejikusanya chini kama shanga, yakiviringika bila kuungana na mafuta. Shauri linaishia hapo.

Wapo watakaosema mvua haingoji masomo. Kweli, na anayelima kwa msimu ana haki ya kuchukia. Ila wanasahau kwamba injini nyingi za leo zimewekewa kihisio kinachozima moto oili ikipungua, na kwamba trekta likiegemea mteremkoni kihisio hicho huweza kuzima hata kama oili inatosha, kwa sababu oili imekimbilia upande mmoja. Mwenye haraka hukata waya wake na kujisifu kwamba amelitibu. Kuanzia hapo anayo injini isiyozimika, kama alivyotaka, mpaka oili iishe kweli na pistoni ing'ang'anie kwenye silinda. Dawa nyingine ya wenye haraka, ya kulima choki ikiwa nusu, ina gharama ya polepole: petroli inaliwa zaidi na plagi inavaa masizi meusi.

Fadhila ya mwisho ya injini hii huonekana pale vinapouzwa vifaa vilivyotumika. Muuzaji anayeijua huiwasha, huipiga resi, huiacha iungurume kwa muda anaoujua yeye, kisha huizima kwa mkono wake, akitabasamu, kabla haijajizima yenyewe. Anasema petroli ni ghali. Mnunuzi mwenye busara hukubaliana naye kabisa, hutoa pesa yake, huagiza lita moja, huomba kiti na kumwambia aiwashe tena.