Tanzia ya Ernest Yafika Tchomia

Mwalimu wa Kifaransa katika shule moja ya sekondari ya Tchomia, kando ya Ziwa Albert huko Ituri, nchini Kongo, alikuwa amechoshwa na Victor Hugo. Kila mwaka aliwaagiza wanafunzi wa mwaka wa nne waeleze maisha ya mwandishi mashuhuri, na kila mwaka aliletewa Hugo yule yule, aliyezaliwa Besançon mwaka 1802 na kufa Paris mwaka 1885. Miandiko ilitofautiana, makosa ya tahajia hayakutofautiana, maana darasa zima lilinakili daftari moja. Safari hii akatoa masharti mapya. Kunakili marufuku. Maisha ya mwandishi yaonyeshwe kwa ubunifu: mchezo, wimbo, gazeti la kubuni, mfano wa kuunda kwa mikono, chochote kile. Na Hugo apumzishwe.

Darasa likagawana waliobaki. Kundi moja likamchukua Molière, ambaye mwaka 1673 alizidiwa jukwaani akiigiza mtu anayejidhania mgonjwa, akafa saa chache baadaye. Kundi hilo lilikuwa na kijana hodari wa kuanguka. Jingine likamchukua Zamenga Batukezanga, aliyezaliwa mwaka 1933, ambaye vitabu vyake vimesomwa na wanafunzi wa Kongo kizazi baada ya kizazi. Akabaki binti mmoja, mjukuu wa mvuvi, aliyekuja na sharti lake mwenyewe: alitaka mwandishi aliyewahi kupatwa na jambo kwenye ziwa lao.

Mwalimu akampendekezea Stanley. Alikutana na Emin Pasha kando ya Ziwa Albert mwaka 1888, na vitabu aliandika. Binti akakataa. Stanley, alisema, alikuja na watu wengi mno na bunduki nyingi mno kwa onyesho la robo saa.

Aliyemtaka alimpata kwenye simu ya binamu yake wa Bunia, wakati chaji ikiwa inakaribia kuisha: Ernest Hemingway, mzaliwa wa Oak Park, jirani na Chicago, mwaka 1899.

Januari 1954 Hemingway alikuwa akimalizia safari yake ya pili ya uwindaji Afrika Mashariki. Mkewe, Mary, alikuwa ameahidiwa zawadi ya Krismasi: kuzungushwa kwa ndege ndogo juu ya Kongo na Uganda, atazame nchi kutoka angani. Rubani Roy Marsh aliwapeleka hadi Bukavu, akawarudisha Entebbe, kisha akawapeleka kwenye maporomoko ya Murchison, pale mto Nile unapojibana kwenye mwanya wa mwamba kabla ya kushuka kwenye Ziwa Albert. Jumamosi ya tarehe 23, akijaribu kulikwepa kundi la kwarara, Marsh akagonga waya wa telegrafu ambao hata matumizi ulikuwa hauna tena. Ndege ikaangukia kichakani. Mary akavunjika mbavu. Usiku wakalala nje, tembo wakiwa karibu.

Ndege ya abiria ikapita juu, rubani wake akaona mabaki, hakuona mtu. Basi. Habari zikaenea duniani kwamba Hemingway amekufa, na magazeti yakaanza kumwandikia tanzia.

Marehemu, kwa wakati huo, alikuwa amepata lifti. Boti iliyokuwa na watalii iliwachukua hadi Butiaba, bandari ya Uganda iliyo ng'ambo ya ziwa, kaskazini-mashariki ya Tchomia, ambako zamani za ukoloni meli zilikuwa zikivuka kuja Kasenyi, jirani kabisa na Tchomia. Pale Butiaba rubani mwingine, Reginald Cartwright, alikuwa akiwasubiri na ndege kubwa kidogo ya kuwarudisha Entebbe. Ilikimbia kwenye uwanja wa mashimo, ikajirusha, ikaanguka, ikashika moto. Mary na Marsh walitokea dirishani. Hemingway hakuenea dirishani. Mlango ulikuwa umekwama, kwa hiyo akaufungua kwa kichwa.

Mlango ulifunguka. Kichwa nacho kilipasuka, na ini, figo, wengu na uti wa mgongo vikaumia. Wakasafirishwa kwa gari hadi Masindi, na baadaye Entebbe. Magazeti yaliyokuwa yamemzika yakaripoti sasa kwamba ametoka porini na mkungu wa ndizi na chupa ya jini. Yeye mwenyewe akajipumzisha kitandani akisoma tanzia zake kutoka nchi mbalimbali. Mwezi uliofuata alikuwa Shimoni, pwani ya Kenya, kuvua samaki na kupata nafuu. Moto wa nyasi ukazuka karibu na kambi, akaenda kusaidia kuuzima, akauangukia.

Binti aliposimulia haya nyumbani, babu yake hakushangazwa na ndege. Alitaka kujua mtu huyo aliandika nini hasa. Akaelezwa kitabu cha mwaka 1952, kilichompa umaarufu mpya: mzee mvuvi wa Cuba anakaa siku 84 bila kupata samaki.

"Siku makumi nane na ine?" babu akauliza. "Na bibi yake anasema nini?"

"Hana bibi, Babu. Anaishi peke yake."

"Eee. Sasa nimeelewa."

Akaelezwa kwamba hatimaye mzee ananasa samaki mrefu kuliko mtumbwi, anamfunga ubavuni, na papa wanamla njiani hadi unabaki mgongo mtupu. Babu akatikisa kichwa. Kwenye ziwa hili, alisema, samaki anafika mwaloni akiwa mzima. Wanaomla wanamsubiri pale pale mwaloni, na karatasi za kodi mkononi. Mwandishi angekuja Tchomia angeandika kitabu kirefu zaidi.

Binti akaamua mradi wake uwe na sehemu mbili: gazeti la kubuni la Januari 1954, na mchezo mfupi wa ajali ya Butiaba. Gazeti lilikuwa tayari kwanza. Kwa kalamu nyekundu, kwenye karatasi kubwa, aliandika kwa Kiswahili ili hata wazazi wasome: TANZIA. ERNEST AFARIKI KATIKA AJALI NG'AMBO YA ZIWA. MWILI HAUJAONEKANA. Jina la Hemingway halikuenea kwenye mstari, akalisogeza chini kwa herufi ndogo, pamoja na mwaka. Asubuhi ya siku ya soko akaibandika kwenye lango la shule ili kuwaalika watu waje kuona onyesho.

Ernest ni jina la ubatizo lisilokosekana Ituri. Pale mtaani alikuwapo mmoja, muuza petroli, mtu wa mwili mkubwa, ambaye alfajiri ile alikuwa amevuka kwenda Ntoroko, upande wa Uganda, kufuata mzigo. Upepo ulikuwa umechafuka. Watu waliokuwa wakienda sokoni walisoma mstari wa kwanza na wa pili, na Tchomia ikajua.

Kabla ya adhuhuri turubai lilikuwa limesimama uani kwake. Viti vya kanisa vilifika. Daftari la michango likafunguliwa, mweka hazina akateuliwa, maharage yakatelekwa. Mkewe alijitahidi kueleza kwamba amezungumza naye kwa simu muda si mrefu, kwamba amefika salama na anabishana bei. Akina mama wakamketisha kwenye mkeka na kumfariji: uchungu huanza hivyo, mtu husikia sauti. Alipopiga tena mbele yao, simu ya mumewe ikawa imezimika. Na yeye akaanza kuwa na wasiwasi.

Muuza petroli alirudi jioni. Kutoka mbali aliona turubai, akaelewa kuna matanga, na kwa kuwa ni mtu wa heshima hakupita moja kwa moja kuingia ndani. Alisimama kwenye meza ya mweka hazina, kijana mgeni asiyemjua, akatoa faranga 5,000, akauliza kwa sauti ya chini:

"Nani amekufa?"

"Papa Ernest, wa petroli."

Inasemekana alikaa kwanza. Kisha akaomba arudishiwe pesa. Kijana akamweleza, kwa upole, kwamba mchango wa matanga haurudishwi, na kwamba zake zimekwisha kwenda kununua sukari. Hapo ndipo mkewe alipogeuka, na kelele zilizofuata zilisikika hadi mwaloni.

Asubuhi yake ujumbe wa wazee ulifika shuleni ukiwa na karatasi ya binti. Prefe, kama anavyoitwa mkuu wa sekondari kote Kongo, aliisoma hadi mwisho, pamoja na herufi ndogo, akawaonyesha mwaka 1954. Wazee wakajibu kwamba tanzia haisomwi kwa darubini. Ikakubaliwa kwamba binti aombe radhi kwa familia, na kwamba karatasi iharibiwe. Muuza petroli akakataa sharti la pili. Aliitaka yeye. Na alipoelezwa habari za yule Mmarekani, alitaka na jambo jingine: kwenye mchezo, Ernest awe yeye.

Hakuna aliyekuwa na mwili unaofaa zaidi, wala mwenye haki zaidi. Siku ya onyesho darasa lilijaa hadi madirishani. Molière alianguka vizuri mno, hata mwanafunzi mmoja akakimbia kumwita muuguzi. Kundi la Zamenga likaimba. Kisha ikaja zamu ya Butiaba. Ndege ya kwanza, iliyoundwa kwa bidoni ya mafuta ya kula na matete, iliteleza kwenye uzi wa nyavu uliofanywa waya wa telegrafu, ikagonga ilipopaswa kugonga, ikaangukia kwenye mapaja ya mwalimu wa hesabu. Watu wakapiga makofi. Ndege ya pili ilikuwa darasa lenyewe. "Mary" na "Marsh" walitokea dirishani wakipiga kelele za moto. Muuza petroli, mwenye ndevu za pamba, akarudi nyuma hatua chache na kuuelekea mlango.

Katika mazoezi mlango ulikuwa ukiachwa wazi kidogo. Siku ile mtu alikuwa ameukomea, ili watoto wa nje wasiingie bila kulipa.

Mlango ulitoka mzima, pamoja na bawaba na fremu, na muuza petroli akatoka nao hadi uani. Kichwa chake hakikupasuka, ila ndevu zilibaki ndani. Watu wa nje, ambao hawakujua kisa, walidhani safari hii amekufa kweli. Akainuka, akainama kuwasalimu watazamaji, akapigiwa makofi kuliko mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya shule hiyo.

Binti alimalizia maelezo yake akiwa amesimama mahali palipokuwa na mlango. Oktoba mwaka ule ule wa 1954, alisema, Hemingway alitangazwa mshindi wa tuzo ya Nobel ya fasihi. Desemba hakuweza kwenda Stockholm, kwa sababu majeraha ya Uganda yalikuwa bado yanamsumbua. Hotuba yake fupi ilisomwa na balozi wa Marekani nchini Sweden, John Cabot.

Alipata 16 juu ya 20. Mwalimu hakukata alama kwa ajili ya matanga wala mlango. Alikata kwa sababu maelezo yalisahau safari ya kwanza ya Afrika, ya mwaka 1933 hadi 1934, ambapo Hemingway aliugua kuhara damu na kusafirishwa kwa ndege hadi Nairobi. Bawaba zililipwa kwa pesa zilizobaki kwenye daftari la michango, baada ya kura. Na kwenye ubao wa matangazo wa shule kuna kanuni mpya yenye muhuri wa Prefe: mwanafunzi anayetangaza kifo cha mwandishi ataje jina kamili, nchi na mwaka, vyote kwa herufi za ukubwa mmoja.