Mwongozo wa Mwenye Bwawa Kabla Hajanunua Mashua

Hongera, ndugu yangu, umepata bwawa. Labda umelirithi pamoja na shamba, labda umelichimba mwenyewe kwa tingatinga la kukodi, na sasa ukiona sato wakiruka jioni kichwa kinajaa mipango: mashua, vibanda vya makuti, nyama choma, wageni wa Jumamosi. Mipango hiyo ni mizuri na mwongozo huu hautakunyima hata mmoja. Unaombwa kufuata mpangilio tu, nao unaanzia mahali ambapo wenye mabwawa wengi hawakanyagi: chini ya ukingo, upande usio na maji.

Kwa hiyo cha kununua kwanza ni gambuti. Vaa, teremka mpaka mguuni mwa ukingo, utembee polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine huku ukitafuta panapovuja. Ukingo wa udongo aghalabu hutoa unyevu kidogo, na maji maangavu yanayochuruzika kwa kiasi kilekile mwezi hadi mwezi yanaweza kuvumilika mradi unayafuatilia. Kinga maji hayo kwenye glasi, yainue kwenye mwanga, kisha yaache yatulie. Ukiona udongo umejikusanya chini ya glasi, jua ukingo unaliwa kutoka ndani: maji yanaondoka na chembe za udongo, tundu linapanuka, na tundu likipanuka maji yanabeba udongo zaidi. Hapo hakuna kungoja Jumatatu. Unafungulia bomba la chini ili ziwa lipungue, unampigia simu mhandisi, na unawaarifu watu wa bondeni siku hiyohiyo.

Ukiwa huko chini, angalia pia miti. Najua kivuli kinapendeza, lakini kivuli hupandwa kando ya bwawa, si juu ya ukingo. Mkaratusi ukifa, mizizi yake inaoza na kuacha mifereji ndani ya udongo. Ukiangushwa na upepo, unang'oka na kipande cha ukingo. Panda ukoka, uufyeke uwe mfupi, ili mashimo ya nungunungu na fuko yaonekane mapema. Ng'ombe nao watafutiwe njia nyingine ya kwenda kunywa, kwa sababu wakizoea kupita pale pale juu ya ukingo wanapachimba bonde, na maji yakifurika yatapita kwenye bonde hilo kwanza.

Sasa tufike kwenye kiungo muhimu kuliko vyote, utoro wa maji, yaani ile njia ya pembeni inayotoa maji ya ziada bwawa likijaa. Bwawa la udongo halikujengwa kupitisha maji juu ya kilele chake. Maji yakianza kumwagika juu yake, yanauchimba ukingo upande wa nyuma, na mara nyingi unaisha kwa saa chache. Utoro ukiwa mpana na mtupu, bwawa linapumua. Usiufanye njia ya pikipiki, usijenge jiko la nyama choma ndani yake kwa kuwa unaonekana mkavu mwaka mzima, na tafadhali sana, usiuzibe kwa magunia ya mchanga ili ziwa liongezeke kina kwa ajili ya mashua.

Wala usiuwekee wavu wa kuzuia samaki. Kosa hilo lilishafanywa na watu waliokuwa na fedha za kutosha kuliepuka. Mwaka 1879 bwawa kuukuu la South Fork, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, lilinunuliwa ili ligeuzwe ziwa la mapumziko. Lilikuwa limejengwa na serikali ya jimbo kwa ajili ya mfereji wa mashua za mizigo. Klabu ya uvuvi na uwindaji iliyolimiliki ilikuwa na wanachama matajiri kama Andrew Carnegie na Henry Clay Frick. Mabomba ya chini yalikuwa yameshang'olewa na kuuzwa na mmiliki aliyetangulia, klabu haikuyarudisha. Kilele cha ukingo kikapunguzwa ili magari ya farasi yaweze kupishana juu yake. Utoroni zikawekwa nyavu za chuma, samaki wasitoroke.

Hawakukosa wa kuwaonya. Mwaka 1880 Daniel Morrell, mkuu wa kiwanda cha chuma cha Cambria kilichokuwa bondeni Johnstown, alimtuma mhandisi John Fulton akalikague. Fulton alieleza wazi upungufu wa mabomba na udhaifu wa matengenezo. Morrell akajitolea hata kuchangia gharama za kulirekebisha. Klabu ikamjibu kwamba watu wake hawako hatarini. Tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua kubwa, matawi na takataka zilijazana kwenye zile nyavu, ziwa likapanda, na wafanyakazi wakahangaika kuchimba utoro wa pili huku maji yakikaribia kilele. Hakukuwa na bomba la kupunguzia. Alasiri ukingo ukaachia, na maji yakateremka bonde la takriban kilomita 22 hadi Johnstown. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Taarifa za telegrafu zilikuwa zimetumwa mapema, lakini watu wa chini walikuwa wameshasikia miaka mingi kwamba bwawa linapasuka, hawakusadiki.

Samaki wakitoroka, ndugu, waache waende. Vifaranga vya sato vinauzwa.

Usidhani hayo ni ya zamani na ya mbali. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, katikati ya mvua za masika, bwawa la shamba la binafsi lililofahamika kama bwawa la Patel lilipasuka huko Solai, kaunti ya Nakuru, nchini Kenya. Lilikuwa juu mlimani; nyumba zilikuwa chini. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wao wakiwa majumbani mwao. Piga hesabu ya bwawa lako mwenyewe. Likiwa na ukubwa wa hekta moja na kina cha wastani cha mita 2, lina mita za ujazo 20,000, na kila mita ya ujazo ina uzito wa tani moja. Hizo ni tani 20,000 umeziweka juu ya vichwa vya watu ambao hawatakula nyama choma yako. Ndiyo maana sheria inadai kibali: Kenya utakwenda kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, Tanzania kwa bodi ya maji ya bonde lako. Chukua kibali, na mtaalamu akija kukagua mpeleke kule chini ya ukingo kabla ya kumkaribisha chai.

Ukishamaliza hayo, karibu kwenye starehe. Wageni watataka kuogelea. Waoneshe sehemu moja yenye mteremko mpole, uliyoipima kina kwa mti, na uweke alama pale kina kinapoanza. Karibu na mdomo wa bomba asiogelee mtu, maana likifunguliwa linavuta. Maji ya shambani yanapoanza kina ghafla hayaonyeshi, na mgeni aliyejifunza kuogelea kwenye bwawa la hoteli hajazoea matope yanayoshika miguu. Pombe ije baada ya maji, kamwe isitangulie. Mashuani kila mtu avae jaketi la kuokolea, akiwemo mwenye shamba, akiwemo mjomba anayesema alikulia ziwani. Penye majani mengi na konokono, pasiogelewe kabisa: kichocho huingia kupitia ngozi, na mtu anaweza kuondoka akiwa mzima wa afya machoni pa wote.

Ikiwa bwawa lako ni lile la kutandikwa turubai jeusi la plastiki, soma aya hii mara mbili. Turubai likilowa linateleza vibaya mno. Mtoto akiteleza humo akifuata mpira, na hata mtu mzima mwenye nguvu, anaweza kufika ukingoni akashindwa kupanda, akaparamia na kurudi majini mpaka achoke. Zungushia uzio, ufunge lango, na kila upande ushushe kamba nene yenye mafundo au ngazi ya matairi makuukuu, iliyofungwa kwenye nguzo imara na kufika chini ya maji hata wakati wa kiangazi. Gharama yake ni ndogo. Bwawa la turubai lisilo na kamba nalihesabu kuwa mtego, na nitamwambia hivyo mwenyewe usoni.

Kando ya kila bwawa pia ning'iniza dumu tupu la lita 20, kifuniko kimekazwa, limefungwa kamba ndefu ya nailoni. Mtu akizama hatujirushi. Habari za wawili au watatu waliokufa wakijaribu kuokoana tunazisikia kila mwaka, kwa sababu anayezama hushika chochote kilicho karibu, na mara nyingi hicho ni shingo ya mwokoaji. Mrushie dumu, alikumbatie, mvute. Wafundishe vijana wa shamba na watoto wa jirani kulirusha kwa kulenga. Watafurahi, na watakuwa wepesi kuliko wewe.

Na wageni wa kwanza kabisa wawe watu wa bondeni. Waalike mzee wa kijiji, mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu na mkondo, mama mwenye kioski cha njiani. Waoneshe utoro, waambie maji yakifika alama ipi utawapigia, chukua namba zao za simu na uwape ya kwako na ya mlinzi wa zamu ya usiku. Kubalianeni ni kilima gani watu watakimbilia na nani atawabeba wazee. Kisha, kabla masika hayajaanza, pigeni simu hizo usiku wa manane kwa majaribio, muone nani anapokea.