Kwa Heshima ya Mtoto Asiyenyamaza

Waungwana, tumewasifu maharusi, marehemu, wafadhili na wageni rasmi hadi maneno yametuishia. Yupo mmoja ambaye huhudhuria shughuli zetu zote, halipwi posho, hatajwi kwenye shukrani, na mara nyingi hutolewa nje kwa kunyanyuliwa mkono mmoja, miguu ikining'inia. Huyo ni mtoto wa miaka mitatu: anayeimba wakati wa dua, anayechovya kidole kwenye keki kabla ya maharusi, anayeuliza kwa sauti kwa nini yule mama ana ndevu. Leo nasimama kumpa haki yake.

Sifa yake ya kwanza ni kuheshimu muda. Kadi ya harusi imesema saa 12 kamili jioni. Ukifika saa hiyo utamkuta mpambaji juu ya ngazi anapachika maua, na fundi muziki anasema "haloo, haloo". Maharusi wanaingia saa 3 usiku na matarumbeta yao. Chakula, Mungu akipenda, saa 5. Wataalamu wa usingizi wanashauri kwamba mtoto wa miaka mitatu hadi mitano alale muda wa saa 10 hadi 13 kila siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Kwa hiyo anapojilaza kwenye zulia jekundu saa 4 usiku na kulia mpaka anakosa pumzi, ukumbi mzima hauna mwingine anayefuata ratiba isipokuwa yeye. Tunamwita mtundu, wakati kamati ilipaswa kumpa cheo cha mtunza muda.

Na kilio chake kina hadhi kuliko tunavyodhani. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari, Mtume Muhammad (S.A.W.) ameeleza kwamba huingia kwenye swala akikusudia kuirefusha, kisha akisikia mtoto analia huifupisha, asimtie mama yake uzito. Swala yenyewe ilifupishwa. Lakini msemaji wa ukoo, aliyepewa dakika tatu za kutambulisha wajomba, akisikia mtoto analia husogeza kipaza sauti karibu zaidi na mdomo na kuanza upya kwa mjomba wa kwanza.

Sifa ya pili ni ukweli, na hapa hatuna budi kutaja nasaba. Maneno yake hakuyaokota njiani. Anayoyasema mbele za watu aliyasikia sebuleni kwenu, ninyi mkidhani anaangalia katuni. Siku ya kutoa zawadi, foleni ikicheza kuelekea mbele, anamfahamisha bibi harusi: "Hizi glasi tulipewa sisi, mama akasema mbaya." Kanisani, kapu la sadaka likipita, anatangaza kwamba noti ya elfu kumi imerudi kwenye pochi na iliyotoka ni sarafu ya mia tano. Msibani, msoma wasifu akifika pale ambapo marehemu aliwapenda watoto wote wa mtaa, sauti nyembamba inatoka kwenye jamvi: "Alikuwa anatufukuza kwenye mwembe wake." Turubai zima linainama. Watu wanajifuta machozi kwa bidii mpya, mabega yakitikisika. Hakuna anayebisha, maana nusu ya waombolezaji walifukuzwa kwenye mwembe huohuo.

Wazazi makini hujihami mapema. Njiani, ndani ya daladala, mtoto anapewa semina: usiombe maji, usiseme una njaa, ukipewa kitu kataa kwanza. Naye ni mwanafunzi msikivu. Akifika anamwamkia mwenyeji, "Shikamoo mama mkubwa," kisha anatoa taarifa: "Mama amesema nisiseme nina njaa." Agizo limetekelezwa, na sahani imekuja.

Sifa ya tatu ni huruma kwa wazazi wake. Mgeni rasmi anapotamka "na sasa niingie kwenye hotuba yangu", akiwa ameshaongea nusu saa, nani mwingine anaweza kukutoa ukumbini ukaonekana mtu wa maana? Mtoto akikunja uso tu, baba ambaye hajui pampasi zinawekwa wapi anaruka: "Nipe mimi nimtoe nje." Huko nje utawakuta akina baba wanne, kila mmoja kambeba mtoto aliyenyamaza zamani, wanajadili Simba na Yanga. Hakuna mwenye haraka ya kurudi.

Wapo wanaodai kwamba mtoto huvuruga mambo mazito. Tarehe 7 Agosti 2019, Zuleikha Hassan, Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale, aliingia katika Bunge la Taifa la Kenya akiwa amembeba mtoto wake wa miezi mitano. Christopher Omulele, aliyekuwa akiongoza kikao, akamwamuru atoke na mtoto. Waheshimiwa wakabishana hadi shughuli zikasimama kwa muda. Angalieni mgawanyo wa kazi: aliyefukuzwa kwa ajili ya utulivu ni mtoto, na waliopiga kelele ni watu wazima wenye kanuni za kudumu mkononi.

Kinachosikitisha ni kwamba utumishi wake una muhula mfupi. Mwaka 1983 wanasaikolojia Heinz Wimmer na Josef Perner walichapisha jaribio ambalo hadi leo hutajwa na wanaochunguza akili za watoto. Mtoto anasimuliwa kisa cha mvulana aliyeweka chokoleti kwenye kabati, akatoka. Mama yake akaihamishia kabati lingine. Mvulana akirudi, ataitafuta wapi? Mtoto wa miaka mitatu kwa kawaida huonyesha kabati ambamo chokoleti imo kweli. Hajang'amua kwamba mtu anaweza kuamini jambo lisilo kweli. Anachokijua yeye, anadhani dunia nzima inakijua. Kwa hiyo anaposema glasi ni mbaya, hatoi siri, kwa sababu kwake hakuna siri. Kwenye umri wa miaka minne au mitano hivi akili inafunguka: kumbe wengine hawajui! Tangu hapo anaweza kuficha, kusingizia na kusifu chakula alichokitema. Ndipo majirani wanapotupongeza kwamba mtoto amekua, tena ana adabu.

Kabla hajafika huko, tunapambana naye kwa zana duni. Tunamkata jicho, naye anatangaza: "Mama, mbona unanitolea macho?" Tunamfinya chini ya khanga, na finyo inazaa kilio ambacho sasa kinadai maelezo. Tunampa simu, ananyamaza kabisa, mpaka katuni inapoanza kuimba katikati ya dakika moja ya kumkumbuka marehemu.

Nawashauri basi tumtendee kama mgeni mwenye cheo. Ale na alale kabla ya kutoka nyumbani. Akae karibu na mlango, akiwa na mzazi anayependa mpira. Akisema neno zito, mzazi awe wa kwanza kucheka, amwombe radhi aliyetajwa, kisha amwinamie mtoto na kumweleza kwa upole kwamba neno hilo linaumiza. Kelele zetu juu yake humfundisha kwamba amegusa jambo tamu. Na kama bado tunaogopa atakalolisema kesho ukumbini, dawa ni mbili: kumziba mdomo yeye, au kujiziba sisi kule sebuleni. Ya kwanza tumeijaribu vizazi vyote na imeshindwa. Ya pili hatujawahi kuijaribu hata wikiendi moja.