Uzamili wa Kuongea

Kijana wa Nyegezi akitangaza kwamba anatafuta chuo cha kusomea uzamili wa tiba ya usemi na lugha, ukoo huitisha kikao. Baba mdogo, mwenye mzani wake wa dagaa Kirumba Mwaloni, atauliza kama Mwanza kuna mtu asiyejua kuongea. Bibi yeye ameshamaliza: mtoto akichelewa kusema, akatwe udata.

Kikao kikiisha salama, inabaki kazi ya kuchagua, na hapo ndipo wasomi wetu wanaponifurahisha. Marekani kwanza: miaka miwili, kwa ada ya kununua mitumbwi na injini zake. Makerere, ng'ambo ya Ziwa Victoria hili hili, walianza kufundisha fani hii mwaka 2008. Sawa, ni shahada ya kwanza. Lakini hata ingekuwa uzamili, nani atapiga picha na theluji Kampala?

Basi msomi anarudi na mkoba wa vipimo. Anamkalisha mtoto wa Misungwi, anamwonyesha kadi yenye sanamu ya theluji na glovu, ataje anachokiona. Mtoto kimya. Anaandikiwa: ana tatizo la lugha. Jioni mtoto huyo huyo anawafokea ng'ombe kwa Kisukuma cha kunyooka, nao wanageuka.

Wewe unayejaza fomu, acha kuuliza chuo ni cha ngapi duniani. Uliza mafunzo ya vitendo utayafanya kwa wagonjwa wanaoongea lugha gani, na kama utafundishwa vizuri tiba ya kumeza, ambayo nayo ni kazi ya fani hii, maana huku waliopata kiharusi wanapaliwa na uji.