Namna ya Kuchelewa Vizuri kutoka Rughenda

Umelala Rughenda, ni Jumapili, na umealikwa chakula cha mchana upande wa pili wa mji wa Butembo. Hesabu ya kwanza itakayokujia ni ya pikipiki: unamsimamisha taximan, mnapatana bei, dakika chache umefika. Iache hesabu hiyo. Mgeni anayefika kwa wakati Butembo ni mgeni aliyepita watu bila kuwaona, na kabla hajapewa kiti habari zake zimeshamtangulia: kuna mtu amepita pale kwa mama wa ndizi, amenyamaza kama jiwe. Mwongozo huu ni wa kukusaidia uchelewe, na uchelewe vizuri, kama mtu aliyelelewa.

Chakula ni saa saba. Wewe toka saa mbili asubuhi.

Vaa sweta. Wageni hubisha, kwa kuwa Ikweta inapita kusini kidogo tu ya mji, kwenye barabara ya kwenda Lubero, na shuleni walifundishwa kwamba Ikweta ni joto. Lakini mji umekaa juu ya vilima, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi ukungu hulala mabondeni mpaka jua lipande juu ya mikaratusi. Viatu visiwe vyeupe, maana kukiwa kukavu ni vumbi na mvua ikinyesha ni tope. Shika kitu mkononi: sukari, sabuni, mkate. Mwenyeji atasema usingejisumbua, naye atasema kweli. Hata hivyo, shika.

Anzia kwenye uwanja wa ndege, maana huo ndio uliolitoa jina la Rughenda nje ya mji. Ni uwanja wa ndege ndogo. Watoto wa jirani huijua ndege kwa mlio kabla haijatokea kwenye mawingu, nao watakueleza bila kuulizwa. Wasikilize. Wao ndio watu wa kwanza wa kukuchelewesha, na mtoto aliyesikilizwa asubuhi atakuonyesha njia ya mkato jioni.

Kabla ya kujifunza njia, jifunze majina. Kwa Wanande, au Wayira kama wengi wanavyopenda kujiita, mtoto huzaliwa na jina likimsubiri. Mvulana wa kwanza mara nyingi ni Paluku au Mumbere. Wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo. Wasichana nao wana majina yao, Masika, Kavira, Kahindo, Katungu, na wenyeji husoma humo habari ya nyumba nzima. Ukiita "Kambale!" penye watu wengi, watageuka kumi, na wote watakuwa na haki ya kugeuka. Mgeni huona hapo usumbufu tu. Mimi naona mlango. Mtu akikuambia anaitwa Kasereka, tayari unajua kwamba mbele yake walizaliwa wavulana wawili, na unaweza kumuuliza wakubwa zake wako wapi. Hutapata salamu inayofika mbali zaidi ya hiyo kwa bei ndogo namna hiyo.

Lakini uliza taratibu. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni na vijiji vyake wamekuwa wakiuawa usiku, mashambani na majumbani, na maelfu wamekimbia. Beni iko kilomita 50 na kitu kaskazini ya Butembo, barabara moja, lugha moja, ukoo mmoja, na nyumba nyingi za Butembo zimepokea waliokimbia kutoka huko. Kwa hiyo kuna Kasereka wengi ambao Kambale wao hayupo tena. Akinyamaza, usijaze ule ukimya kwa maneno. Simama naye. Dakika hizo nazo zihesabu katika kuchelewa kwako.

Sasa salamu yenyewe. Asubuhi sema "Wavukire", na ukipewa kitu sema "Wasingya". Maneno mawili hayo ya Kinande yatakufikisha mbali kuliko Kifaransa chote ulichokibeba. Kisha hamia Kiswahili: habari ya kuamka, habari ya nyumbani, watoto, kazi, mvua. Usianze na shida yako. Mtu anayeuliza njia kabla hajauliza hali ataonyeshwa njia, kwa adabu, na ndivyo hivyo tu. Mzee muite Papa, mwanamke aliyekuzidi muite Mama, aliyekutangulia kidogo muite Yaya, na asiyekuwa na haraka mpe muda wake.

Mkono usiunyooshe wa kwanza. Mngoje mwenyeji. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 mpaka tarehe 25 Juni 2020 Ebola ilikaa kwetu. Wagonjwa 3,470 walihesabiwa katika Kivu ya Kaskazini na majirani zake, na 2,287 kati yao walikufa. Maeneo ya afya ya Katwa na Butembo yalikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Katika miezi ile tulijifunza kusalimiana kwa kiwiko, kwa mguu, kwa mkono juu ya kifua. Ilituuma, kwa sababu kwetu mkono husema neno ambalo mdomo hauna. Kulikuwa na ndoo ya maji ya klorini mlangoni kwa kila mtu. Ukikuta ndoo mlangoni leo, nawa bila kuuliza na bila kutabasamu. Mwenye ndoo hiyo anajua kwa nini aliiacha hapo.

Ukishasalimia nyumba nne au tano, utaona saa nne imefika nawe bado unaiona Rughenda nyuma yako. Vizuri. Endelea hivyo hivyo.

Somo linalofuata ni la kilima. Mji huu hauna mahali pa kunyooka: unashuka, unapanda, unashuka tena. Katikati ya mpando utamkuta kijana na chukudu, hata Jumapili, kwa sababu viazi havijui Jumapili. Chukudu ni baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio, magurudumu yake ya mbao yamevishwa mpira wa matairi ya zamani, nayo hubeba mamia ya kilo. Kwenye mshuko mwenyewe hupanda juu na kuteleza, nawe ukae kando. Kwenye mpando husukuma, kichwa kimeinama, mishipa ya shingo imesimama. Hapo weka sukari yako juu ya mzigo, shika nyuma, sukuma. Usiulize kama anahitaji msaada. Usisubiri kushukuriwa pia, maana hana pumzi ya kushukuru mpaka mfike juu. Mkifika juu mtakuwa mmejuana kuliko watu walioketi meza moja mwaka mzima, naye atakuambia bei ya viazi huko alikotoka, kama barabara imekatika, na kama kuna mtu wa kuogopwa njiani. Gazeti la namna hiyo haliuzwi popote.

Nitakawia kidogo hapa kwenye barabara. Barabara zetu zina wazazi, na wazazi hao si wale ambao msafiri hudhani. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni kabla ya kupelekwa Bukavu mwaka 1997, aliwahimiza waumini na wafanyabiashara wachange na kushika majembe ili njia zipitike, wakati dola ilikuwa imetusahau. Katika miaka yake pia kulianzishwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, mwaka 1989. Alifariki Roma tarehe 4 Oktoba 2000, na bado ukimtaja jina mbele ya wazee wetu, wanakaa sawa kwenye kiti. Wafanyabiashara wa hapa, ambao huagiza mali mpaka Dubai na Guangzhou na kuipitisha Mombasa, Kampala na Kasindi, walijifunza mapema kwamba lori lililozama kwenye tope halina kabila wala dini. Kwa hiyo siku ya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, ikikukuta kwetu, usijifungie ndani. Omba jembe. Hutafanya kazi kubwa, lakini utakuwa umeonekana mtaroni pamoja na wengine.

Makanisa hutoka kwa zamu. Ukipita nje ya kanisa Katoliki misa inapomalizika, au nje ya kanisa la Kibaptisti la CBCA kwaya ikiwa bado inaimba uani, usikate katikati ya watu kana kwamba ni msitu. Simama. Mtu atakutambua, au atamtambua mtu unayefanana naye, na hiyo inatosha. Utaulizwa umetoka wapi, utajibu Rughenda. Utaulizwa kwa nani. Hapo jibu kikamilifu: jina la baba mwenye nyumba, avenyu, nyumba iko karibu na nini. Wengine huona maswali haya ni udadisi. Si udadisi. Tangu tarehe 6 Mei 2021 mkoa wetu uko chini ya hali ya kuzingirwa, wanajeshi na polisi wakishika nafasi za raia, lakini mtaani anayejua nani kalala wapi bado ni jirani. Tuna nyumba kumi: mtu mmoja anayezifahamu nyumba za karibu naye, mgonjwa wake, mzazi wake mpya, mgeni wake. Ukilala kwetu usiku hata mmoja, mwenyeji akupeleke ukamsalimu huyo. Chukua dakika ishirini. Siku nyingine, mtu akija kuuliza kwa ubaya kuhusu mgeni wa nyumba ya tatu, kutakuwa na anayeweza kujibu.

Wazee walikuwa na jengo la kazi hii. Liliitwa kyaghanda: nyumba ya wote kijijini, moto katikati, wanaume wakikaa kusemezana, kuamua, kufundisha vijana, na mpita njia akipata mahali pa kuketi. Leo jina hilo limebaki kwa chama cha kitamaduni cha Wayira, Kyaghanda, hata mbali na hapa. Moto wenyewe umehamia sehemu nyingine. Nimeukuta chini ya mti wa mwenye kutengeneza pikipiki, kwenye benchi la mama wa chai, na alasiri ya mpira kwenye ukingo wa uwanja wa Matokeo, watu wakibishana kuhusu AS Nyuki mpaka sauti zinakauka. Ukialikwa kuketi, keti. Ukikataa, kataa ukiwa umeshaketi.

Na ukisikia nyimbo za kilio kutoka kwenye nyumba yenye turubai mbele, mpango wako wa siku umebadilika. Ingia. Haidhuru kwamba hukumjua marehemu. Toa kofia, kaa kwenye viti vya nyuma au kwenye mkeka pamoja na akina mama kama wewe ni mwanamke, toa kidogo ulicho nacho kwenye sahani, kaa robo saa bila kuangalia simu. Mwenyeji wako anayekungoja na chakula hatakasirika. Ukifika na kusema "nimepita kilioni", yeye mwenyewe atauliza ni kwa nani, na huenda akavaa viatu mrudi pamoja.

Hatimaye utafika, saa nane, labda saa tisa. Ita mlangoni, usiingie kimya. Nawa. Sukari mpe mama wa nyumba kwa mikono miwili. Chakula kitakuwa bugali, sombe au maharagi, na kama wamekuheshimu sana, samaki wa ziwa Edward aliyepandishwa kutoka Kyavinyonge. Kula kwa mkono wa kulia, na usiseme umeshiba kabla mwenyeji hajakulazimisha mara mbili. Usieleze kwa nini umechelewa. Taja tu uliowakuta: yule Kasereka, kijana wa chukudu, mama mmoja nje ya kanisa aliyedhani wewe ni mtoto wa dada yake. Kila jina utakalotaja, mtu mezani atalichukua na kulisogeza mbele: huyo Kasereka si ndiye wa nyumba ya mabati mapya? Mama yake amepona? Chakula kitapoa na hakuna atakayekiangalia.

Sehemu ngumu ni kuondoka. Aga mapema, saa kumi, ili utoke saa kumi na moja. Jua la Ikweta huzama saa kumi na mbili bila kubembeleza mtu, na usiku wa kwetu siku hizi si wa kutembea. Mwenyeji atakusindikiza. Mlangoni haitoshi, kwenye kichochoro haitoshi. Atakuja mpaka barabarani, na huko mtakumbuka habari kubwa ambayo hamkuigusa mchana kutwa. Utaona haya kumuacha arudi peke yake, utarudi naye hatua kadhaa, naye ataona haya kukuacha. Nimewaona watu wazima wakisindikizana hivyo mara tatu kati ya nyumba na barabara, kila mmoja akimrudisha mwenzake.

Leo mkatae kwa upole. Mwambie giza linakuja, na kwamba utampigia simu ukifika. Atamsimamisha taximan anayemfahamu kwa jina, atapatana naye bei badala yako, atamwambia nyumba unayokwenda na nani anakungoja pale. Panda. Yeye atabaki amesimama pale chini ya mikaratusi mpaka taa ya nyuma ya pikipiki ipotee kwenye kona, na simu yako usiizime.