Mama Watoto Kaingia Shule, Mimi Nimeingia Jikoni

Jirani, hivi nani kawaambia wazee wa siku hizi wasipumzike? Maana mimi niliambiwa nastaafu. Utumishi uko wazi: miaka 55 kwa hiari, 60 kwa lazima. Nikasubiri ya lazima, ya hiari sikujua inaombwaje. Nikakaa masjala mpaka vumbi la mafaili likanizoea. Nikasema nikitoka hapa ni kijiweni tu. Kahawa, kashata, drafti, kulaani kikokotoo cha mafao. Basi.

Nafika kijiweni, hamna mtu! Mzee wa nyumba ya kona anajifunza bajaji. Mwenzake kajiunga na jogging, kapewa na fulana. Nimebaki na muuza kahawa, kijana mdogo, ananifunga drafti huku anahesabu chenji za wateja. Wakanishawishi na mimi nikimbie. Jumapili alfajiri, filimbi, nyimbo, watu wazima wanaruka kwenye lami. Nilirudi na bodaboda. Dereva ananiuliza, "Babu, nyumbani au zahanati?" Na nauli nikalipa mwenyewe.

Hayo nilivumilia. Balaa ni mama watoto. Mtu ana wajukuu, aliishia darasa la saba enzi zile, katulia na vitenge vyake. Asubuhi ananiambia kajiandikisha QT. Mimi nikadhani ni kikoba kipya, nikauliza marejesho lini. Kumbe ni Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani! Unasoma mambo ya kidato cha kwanza na cha pili, ukifaulu unaruhusiwa kufanya ule wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nikamuuliza, kwa umri huu? Akanitolea Maruge. Yule mzee wa Kenya, kule Eldoret, 2004 kaingia darasa la kwanza ana miaka 84, na kaptula ya shule na soksi ndefu. Mwaka uliofuata yuko New York, Umoja wa Mataifa, anazungumzia elimu. Mimi nikauliza kitu kimoja tu: nani alikuwa anampikia Maruge? Hajajibu mpaka leo.

Nikitaja umri tena analeta Bi Kidude, yule mwimbaji wa taarab, eti kaimba mpaka Ulaya na uzee wake wote. Sawa. Mimi sauti yangu hata konda hasikii nikisema "shusha", napitilizwa kituo kila siku.

Nikajaribu siasa. Nikamkumbusha kuwa Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, kama alitaka kusoma angewahi wakati ule. Akaniambia 1970 alikuwa anatambaa. Unaona? Hesabu zimeshaanza kumuingia.

Sasa jioni ndipo penye kilio. Yeye tuisheni. Mwalimu wake ni kijana, rika la kitinda mimba wetu. Ananipa shikamoo kwa adabu zote, halafu ananiambia, "Mzee, mwanafunzi asibebeshwe kazi za nyumbani jioni." Mwanafunzi! Mwanafunzi mwenyewe kasimama pembeni na begi la mjukuu lenye katuni, anaitikia kwa kichwa. Basi jiko langu. Vyombo vyangu. Gengeni ni mimi. Mama wa genge ananipimia nyanya masalo kwa bei ya nyanya nzima na ananiita "mteja wangu". Nazi naitikisa sikioni, si ndivyo wanavyofanya wengine? Sijui nasikiliza nini. Natikisa, nakunja uso, nalipa. Nafika nyumbani, imeoza. Vijana wa bombani wameshaniita Mama Ntilie. Siitiki, lakini nageuka.

Usiku maswali. "Baba watoto, tafuta x." Nikamwambia masjala kitu kisipoonekana tunaandika "faili halipo", tunafungua jipya. Akamwita mjukuu. Mtoto kaitafuta x, kaipata, kaniangalia kwa huruma, kaniambia, "Pole babu." Biolojia ndiyo usiseme. Eti majani yanajitengenezea chakula yenyewe, kwa maji, hewa na mwanga wa jua tu. Hayamsumbui mtu! Laiti ningeoa mchicha.

Mtihani ni Novemba. Nilikuwa nahesabu siku, nikijua baada ya hapo jiko linarudi kwa mwenyewe. Jana kaniambia akipita hapo anaendelea na kidato cha nne, kisha kuna kozi ya ualimu wa chekechea ameisikia. Kaniambia anacheka, mdomoni ana wali wangu, nusu umeungua, nusu mbichi, na wala hakulalamika. Hilo ndilo lililonitisha. Mtu asiyelalamikia wali ule hana mpango wa kurudi jikoni.

Kwa hiyo jirani, nakuomba. Ukinikuta gengeni na kapu, usiniite "mzee wa masjala" mbele za watu. Sogea taratibu, na kama unajua nazi nzima inaliaje, ninong'oneze.