Sifa za Risasi Inayopinda Kona

Filamu ya Wanted, iliyotoka Marekani Juni 2008, imeonewa vya kutosha. Walioipenda waliipenda kwa kuona haya, kama mtu anayeficha gazeti la udaku ndani ya kitabu cha dini. Wasioipenda walisema haina hoja, haina kina, na haikuheshimu hata kidogo kitabu cha katuni ilikotoka. Yote ni kweli tupu. Hayo hayo ndiyo ninayotaka kuisifia, na nashangaa sijapata mtu wa kugombania naye nafasi.

Tuanze na hiyo katuni. Mark Millar aliiandika, J. G. Jones akaichora, ikaanza kuchapishwa mwaka 2003. Humo wahalifu wenye nguvu za ajabu waliungana, wakawamaliza mashujaa wote, wakafuta kumbukumbu zao vichwani mwa watu, kisha wakuu wao watano wakagawana mabara. Sisi ambao bara letu liliwahi kukatwakatwa mezani huko Berlin, kuanzia 1884, na mabwana wasiovaa hata vinyago, hatukuona ajabu kubwa. Steringi wake, Wesley Gibson, anaua na kubaka kwa sababu hakuna wa kumzuia. Ni kitabu kichafu, ila kina hoja: dunia imekuwa hivi ilivyo kwa kuwa wabaya walishinda zamani, na hakuna aliyetutangazia matokeo.

Hoja ya namna hiyo inaweza kumharibia mtu bisi. Kwa hiyo Timur Bekmambetov, mzaliwa wa Kazakhstan aliyepata jina Urusi kwa Night Watch ya 2004, alipokabidhiwa kazi alifanya ukarimu mkubwa: alichukua jina la kitabu, jina la steringi, ofisi yenye kuudhi na marehemu baba aliyekuwa muuaji, na mengi yaliyobaki akayaacha kwenye karatasi. Mahali pa wahalifu wa mabara matano akaweka wafumaji. Ndiyo, wafuma nguo. Chama chao cha siri kina umri wa miaka elfu moja, kinakaa katika kiwanda huko Chicago, na hupokea amri za kuua kutoka kwa mtambo wa kufumia. Uzi ukiruka mahali usipopaswa kuruka, kosa hilo linasomwa kama sufuri na moja, sufuri na moja zinatoa herufi, herufi zinatoa jina, na mwenye jina anazikwa.

Nani anauamuru mtambo? Nani huko karne za kati alikuwa akizisoma hizo sufuri na moja, na kwa alfabeti ya nani? Hayo ni maswali ya mgeni anayechungulia jikoni kabla chakula hakijaiva. Mwenye kueleza habari hizi ni Morgan Freeman, na Freeman akishusha pumzi na kutamka jambo kwa ile sauti yake, hata angekuwa anasoma bei ya vitunguu ungeitikia amina. Aliyeamua kumpa yeye maneno hayo, badala ya mwigizaji mwingine yeyote, ndiye mwenye akili kuliko wote waliohusika na picha hii.

Sasa twende kwenye risasi. Tangu mwaka 1687 Newton alitufunga: kitu kikisharushwa kitakwenda moja kwa moja mpaka kitu kingine kikisukume. Vizazi vingi vya wanafunzi vimepigwa fimbo kwa ajili ya kanuni hiyo. Wanted inatufungua kwa kiwiko tu. Ukizungusha mkono wakati unafyatua, risasi inapinda, inampita Angelina Jolie aliyesimama mbele ya shabaha bila kumgusa unywele, inapiga nyuma yake. Wesley anajaribu kuuliza inawezekanaje, na jibu analopewa kwa ufupi ni kwamba asifikiri, aachie silika. Sijawahi kusikia mtaala wa elimu wenye gharama ndogo zaidi. Mafunzo mengine ni kipigo: anafungwa kitini na kutwangwa mpaka uso uvimbe, halafu analazwa kwenye beseni la nta linaloponya majeraha kwa muda mfupi mno, ili kesho apigwe tena. Ukiondoa beseni, wengi wetu tuliosoma shule za zamani tunaifahamu njia hiyo.

Lakini wema wake mkubwa uko ofisini. Wesley, anayeigizwa na James McAvoy, ni karani wa hesabu. Bosi anambofyolea stepla sikioni, mpenzi wake analala na rafiki yake wa kazini, na yeye anameza vidonge kila moyo unapomwenda mbio. Ndipo anapoambiwa kwamba moyo huo, unaodunda zaidi ya mara 400 kwa dakika, si ugonjwa bali kipaji alichorithi. Daktari yeyote angesema mtu wa moyo huo keshakufa. Filamu inasema ndiyo kwanza anaanza kuishi. Fikiria faraja hiyo kwa kila mtu anayetetemeka Jumapili usiku akiikumbuka Jumatatu! Si kwamba kazi yako inakuua. Wewe ni muuaji, ila hawajakuletea bunduki.

Na bunduki ikija, inakuja kwa mtindo. Jolie anaserereka na Dodge Viper nyekundu, gari linazunguka na mlango wazi, na Wesley anazolewa kutoka barabarani hadi kitini bila hata kuinua mguu. Baadaye karani huyu anaaga kazi kwa kumtandika yule rafiki kibodi usoni. Vitufe vinaruka hewani taratibu, vinajipanga kuwa tusi, na mahali palipokosa herufi moja linakaa jino. Aliyepigwa ni Chris Pratt, ambaye mwaka 2014 alikuja kuwa steringi wa picha nyingine ya katuni, Guardians of the Galaxy. Nadhani jino lile lilikuwa ada ya kujiunga.

Wapo watakaosema picha hii haina maadili. Inayo, tena ya kihesabu: ua mmoja, uokoe elfu. Kwa kuitii hesabu hiyo Wesley anamfuata adui yake ndani ya treni iliyojaa abiria, na baada ya purukushani mabehewa yanaacha reli na kuning'inia juu ya korongo. Abiria wale hatuwasikii tena. Hakuna anayewataja wala anayewahesabu, na filamu inaendelea na jambo muhimu zaidi, yaani nani alikuwa baba wa nani. Naipongeza kwa uwazi huu. Wakubwa wa dunia wanaofanya hesabu ya aina hiyo huwa wanaunda kamati kwanza.

Kwetu Afrika Mashariki picha za namna hii zina sifa ya ziada ambayo Chicago hawaijui. Katika vibanda umiza, kabla ya simu kuua biashara, hadithi ilikuwa mali ya msimulizi. Marehemu Lufufu kwa Tanzania na DJ Afro kwa Kenya waliwapa waigizaji wa Kichina na Kimarekani majina mapya, ugomvi mpya na sababu mpya za kupigana, na watazamaji hawakudai kurudishiwa ya zamani. Sanaa hiyo inataka picha yenye milipuko mingi na maneno machache yasiyo na uzito. Mpe msimulizi filamu yenye fikra nzito, atahangaika kuitafsiri. Mpe ya mtambo unaofuma majina ya watu wa kuuawa, atakutungia bora kuliko waandishi wake, na kila aliyeko kwenye benchi anajua la msingi: steringi hafi. Wengine wanaweza kufa kwa raha zao. Jolie mwenyewe anajimaliza kwa risasi moja anayoipiga kwa mzunguko, inawapitia wenzake mmoja mmoja kama mtu anayegawa mialiko, na mwisho inamrudia.

Wiki tatu baada ya Wanted ilitoka The Dark Knight, na kicheko kikaisha. Tangu hapo shujaa wa katuni ana huzuni, ana falsafa, ana ndugu wengi kuliko harusi ya Tanga. Ili uelewe picha moja yakupasa uwe umeona nyingine kumi na mbili, pamoja na kile kipande kinachofichwa baada ya majina ya wapishi na madereva. Wanted haikukupa kazi ya nyumbani. Uliingia hujui kitu, ukatoka hujui kitu, na tiketi yako ilikuwa imeliwa yote. Wenye tuzo za Oscar walilitambua hilo: waliiteua mara mbili, na mara zote mbili kwa ajili ya sauti. Sifikirii kama kuna filamu iliyowahi kueleweka vizuri zaidi na majaji wake, ingawa hatimaye tuzo zenyewe walipewa wengine, mmojawapo huyo huyo The Dark Knight.

Mwishoni Wesley, akiwa amekwisha kummaliza Freeman kwa risasi iliyotoka mbali kupita kiasi, anageuka kukutazama wewe uliyeko kitini. Anakuuliza, kwa tusi, wewe siku hizi umefanya nini cha maana. Anayeulizwa ni karani, kesho anaingia kazini saa mbili asubuhi, na ametoa pesa yake ya mshahara ili aulizwe. Jibu sahihi lingekuwa kudai nauli. Badala yake watu walicheka, wakawaambia wenzao, na picha iliyogharimu dola milioni 75 hivi ikakusanya zaidi ya milioni 340. Mabosi wetu, wanaotutukana kila Jumatatu bila kiingilio na bila muziki wa Danny Elfman, hawajui fedha wanazomwaga.